Mwalimu, mawe hayo usiyachemshe

SWALI: Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari nje kidogo ya jiji la Mbeya. Tuna tangi la samaki la maji ya chumvi, lita 250, tulilolijaza maji ya bahari yaliyoletwa kwa madumu kutoka Dar es Salaam. Mwezi Mei nilinunua kama kilo 30 za mawe hai ya matumbawe, yakaja kwa basi la usiku. Sasa yametoa vitu ambavyo sikuvitaka: vijiua vya rangi ya kahawia vinavyoongezeka kila wiki, minyoo yenye manyoya meupe inayotoka usiku, na kuna kitu kinapiga "ta! ta!" ndani ya jiwe mojawapo. Konokono wawili nimewakuta makombe yamevunjwa. Samaki mmoja kati ya watatu amekufa. Mzazi mmoja mwenye shamba la kahawa Mbozi ananishauri niweke mrututu. Mwalimu mwenzangu anasema nitoe mawe yote niyachemshe. Nifuate ushauri upi, na je, ninaweza kuongeza samaki?

JIBU: Mwalimu, pole, na hongera pia. Wanafunzi wako wengi hawajawahi kuiona bahari na wewe umewaletea darasani, kwa hiyo ningependa sana tangi hilo liishi. Ndiyo maana naanza na makatazo mawili: mawe usiyachemshe, na mrututu usiuweke.

Nianze na kuchemsha, maana hapo hatari si ya samaki tena, ni yako na ya watoto. Juu ya mawe ya bahari huota wanyama laini wadogo waitwao palithoa. Huishi kwa makundi, rangi yao ni kahawia au kijani, na wakijikunja unaweza kudhani ni ngozi tu iliyogandia jiwe. Baadhi yao hubeba palitoksini, sumu iliyotenganishwa mwaka 1971 na wanakemia Moore na Scheuer huko Hawaii, nayo ni miongoni mwa sumu za asili zilizo kali kabisa. Moto wa kuchemshia hauivunji. Ukichemsha jiwe lenye palithoa, mvuke hupeperusha matone madogo yenye sumu hiyo, na wapo wafugaji wa Ulaya na Marekani waliolazwa hospitali baada ya kuivuta wakiwa nyumbani kwao: homa, kifua kubana, pumzi kukata. Kusugua jiwe kwa brashi na maji ya moto kuna hatari hiyohiyo. Kwa hiyo hata jiwe moja, hata kwenye jiko la maabara, hapana. Kila mnapoingiza mikono tangini vaeni glavu, anayekwangua kitu akinge macho, na mwenye kidonda mkononi asiguse kabisa.

Mzazi wako wa Mbozi naye anasema anachokijua. Kwenye kahawa mrututu umesaidia wakulima wengi dhidi ya kutu ya majani na chulebuni. Lakini shaba iliyomo ndani yake, hata ikiwa kidogo sana, huua karibu kila mnyama wa bahari asiye na uti wa mgongo. Itaua vijiua na minyoo, kweli, na itaua pia konokono, kaa na vijidudu vyote vinavyolisafisha jiwe, kisha vyote hivyo vitaozea humohumo. Tena jiwe la matumbawe ni kalsiamu kaboneti, na hufyonza shaba halafu likaiachia kidogokidogo kwa muda mrefu. Mwakani utaweka konokono mpya, atakufa, na hutajua kwa nini.

Ukumbuke ulichonunua ni nini. Thamani ya jiwe hai haiko kwenye jiwe, iko kwa bakteria waliojaa kwenye vitundu vyake. Wa juu hubadili amonia inayotoka kwa samaki na kwenye uchafu wao kuwa naitraiti, kisha naitreti. Wa ndani kabisa, kusikofika oksijeni, huigeuza naitreti kuwa gesi ya naitrojeni ikatoka majini. Hicho ndicho kichujio chako. Ukikiua, samaki wawili waliobaki wataogelea ndani ya uchafu wao.

Sasa nije kwenye jambo ambalo anayefuga samaki Dar es Salaam hana haja ya kulifikiria sana, lakini sisi wa Nyanda za Juu hatuwezi kulikwepa. Kilichonitisha katika swali lako si minyoo. Ni yule samaki aliyekufa, na pupa ya kutaka kuua vitu vingi kwa mara moja.

Mbeya iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa kwenu ni kama asilimia 82 ya ule wa pwani, na uwezo wa maji kushika oksijeni hushuka pamoja nao. Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 26, yakiwa Dar es Salaam, hushika hadi miligramu 6.6 hivi za oksijeni kwa lita. Maji hayohayo, kwa chumvi ileile na joto lilelile, yakiwa kwenye maabara yako yanaishia karibu na 5.4. Na hapo nazungumzia kilele, ambacho tangi lenye samaki, minyoo na bakteria halikifikii. Usiku mwani nao huacha kutengeneza oksijeni, ukabaki kuitumia tu. Inapofika saa kumi alfajiri, tangi la Mbeya lina akiba ndogo mno, na kitu chochote kinachooza huila akiba hiyo kwanza.

Mawe yako yalikuja yameshaumia. Yalisafiri zaidi ya kilomita 800 nje ya maji, yakapanda Kitonga, yakapita Mafinga na Makambako usiku wa Mei, baridi ikiwa imeshaanza. Sponji na viumbe wengine laini hawavumilii safari ya namna hiyo. Hufia ndani ya vitundu vya jiwe, na uozo wao huendelea kwa wiki kadhaa baada ya jiwe kuonekana safi kwa nje. Hukusema samaki alikufa saa ngapi. Kama ulimkuta asubuhi, na wenzake wakihemea juu karibu na uso wa maji, mimi ningeshuku oksijeni na amonia kabla ya kumshuku mnyoo yeyote.

Kwa hiyo kazi ya wiki hii ni hewa, kuua kusubiri. Elekeza mdomo wa pampu juu mpaka uso wa maji uvurugike kote, siyo kona moja. Ongeza pampu ya hewa yenye kijiwe cha mapovu, na utafute nyingine ya betri itakayojiwasha umeme ukikatika. Kama shule ina inveta na betri ya gari, unganisha pampu ya maji huko kabla ya kitu kingine chochote, hata kabla ya hita, kwa sababu lita 250 hupoa polepole na unaweza kulifunika tangi kwa blanketi pande zote ukaacha juu wazi. Oksijeni haina blanketi. Hita nazo, chukua mbili za wati 200 badala ya moja kubwa: moja ikifa usiku wa Juni, wakati nje ni chini ya nyuzi 10, ya pili itashikilia mpaka asubuhi. Lenga nyuzi 25 hadi 26, usipandishe zaidi, kwani kila nyuzi inayoongezeka hupunguza oksijeni.

Pima amonia kila siku kwa vipimo vya matone. Ikionekana hata kidogo, badilisha maji robo ya tangi, uyapashe kwanza yafikie joto lileile. Angalia na chumvi. Kiangazi cha huku ni kikavu na maji huruka upesi, lakini chumvi hairuki, inabaki. Yakipungua ongeza maji yasiyo na chumvi, ukitumia yaliyokenekwa kama maabara yenu ina mtambo wa kukeneka, na ulinganishe mpaka kipimo cha chumvi, kile kinacholinganisha uzito wa maji yako na wa maji safi, kisome kati ya 1.025 na 1.026. Wengi huongeza maji ya chumvi wakidhani wanafidia, kumbe wanazidisha.

Hewa ikishatengemaa, ndipo uende kuwatazama hao wapangaji wako. Fanya hivyo usiku, zikiwa zimepita saa mbili au tatu tangu taa ya tangi izimwe, ukiwa na tochi uliyoifunga karatasi ya nailoni nyekundu, maana viumbe wengi wa bahari hawauoni vizuri mwanga mwekundu na hawatakimbia. Wanafunzi wa bweni watafurahi. Wachore kila jiwe, waweke alama mahali pa kila kijiua, kila tundu lenye kitu kinachochungulia, kila mrija. Bila ramani hiyo utakuwa unabahatisha.

Minyoo yenye manyoya, kwa maoni yangu, uiache. Ukiimulika utaona mwili wa waridi au kijivu wenye vipande vingi, na kila kipande kina kishungi cha manyoya meupe kila upande. Nusu ya mwili hubaki ndani ya tundu, kichwa kinapapasa mchanga kutafuta makombo. Samaki akifa nyuma ya mawe usiku, wao ndio wa kwanza kumfikia, wakamla kabla hajaoza. Ndiyo sababu mtu akimkuta mnyoo juu ya mzoga humwita muuaji. Kwenye tangi lenye hewa haba kama la kwenu, hao ni wafanyakazi ambao huwezi kuwalipa. Ukiwaona wamekuwa wengi kupita kiasi, tatizo ni chakula unachomwaga, basi punguza chakula nao watapungua wenyewe. Yupo mnyoo wa moto anayekula matumbawe, Hermodice carunculata, lakini huyo ni wa Atlantiki na Mediterania.

Usimshike tu kwa mkono mtupu. Yale manyoya huvunjikia ndani ya ngozi, yakawasha na kuvimbisha. Ikitokea, bandika selotepu juu ya mahali hapo, ivute, rudia, kisha paka siki.

Vijiua ni habari nyingine. Kwa maelezo yako ni anemoni aina ya Aiptasia, na huyo ndiye mgeni pekee katika orodha yako ninayekutaka umshughulikie kwa uvumilivu wa wiki nyingi. Ana mguu mwembamba, duara la vishikio virefu vyenye ncha kali, na mwili unaoonyesha nuru. Ile kahawia ni rangi ya mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama yake na kumlisha, kwa hiyo kumnyima chakula hakumuui. Ukimsogezea kidole hujivuta ghafla ndani ya tundu, ukabaki unatazama jiwe tupu. Vishikio vyake huchoma, na samaki mdogo au tumbawe lililo karibu litaumia.

Kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya ni kumkwangua. Aiptasia huzaa kwa kuacha vipande vya mguu wake kwenye jiwe, na kila kipande huota kikawa mnyama kamili. Ukimponda kwa kisu, baada ya wiki mbili tatu una kumi mahali palipokuwa na mmoja. Pengine ndivyo wanavyoongezeka kwenu, kama kuna mwanafunzi mwenye bidii anayevibandua.

Dawa yake unayo kabatini. Ni kalsiamu haidroksaidi safi ya maabara, unga uleule mnaotengenezea maji ya chokaa ya kupimia hewa ya ukaa. Chokaa ya kilimo haifai, hiyo ni mawe yaliyosagwa tu na haina ukali. Ya kupaka ukutani ina uchafu usioujua. Chukua kijiko cha chai cha unga, weka matone ya maji yasiyo na chumvi, koroga mpaka upate uji mzito unaoweza kupita kwenye sindano pana ya sirinji. Vaa miwani, unga huo unaunguza macho.

Zima pampu zote, maji yatulie kabisa. Sogeza sirinji taratibu kutokea pembeni, usipitishe kivuli juu yake. Usimchome. Dondosha tone dogo katikati ya vishikio, palipo na kinywa, naye atalikunja akidhani ni chakula. Hapo ongeza tone la pili limfunike. Utaona mwili unajikunja, unageuka mweupe, unabaki kama ute. Subiri dakika kumi hivi, uvute uji uliobaki kwa mrija mwembamba, ndipo uwashe pampu. Mwenye kukaa kwenye tundu refu utamkosa mara ya kwanza, na huyo rudi kwake baada ya siku mbili tatu.

Kwa lita 250 nisingezidi sita au saba kwa siku, na siku inayofuata ningepumzika. Chokaa hupandisha pH haraka, na kila anemoni anayekufa ni nyama inayooza. Mtu wa pwani anaweza kufanya ishirini kwa mkupuo akaamka salama. Wewe usijaribu. Wahesabuni kila Ijumaa kwa ramani ile ile, idadi ikishuka polepole mnashinda. Hata ikisimama palepale bado ni afadhali kuliko ilivyokuwa inapanda.

Utasikia ushauri wa kuweka mnyama anayewala. Kamba anayesifiwa kwa kazi hii, Lysmata wurdemanni, asili yake ni upande wa magharibi wa Atlantiki, hayupo kwenye bahari yetu. Anayefanana naye huku ni Rhynchocinetes durbanensis, mwenye milia myekundu na myeupe na macho makubwa, mzuri sana kwa kutazama lakini Aiptasia hamgusi kwa uhakika, na siku ukiweka matumbawe laini atayatafuna. Baadhi ya samaki wa kwetu waitwao vitatange hula anemoni hawa, mmoja wao Chaetodon lunula, ila hukua hadi sentimita 20, na tangi lako ni dogo kwake. Baki na sirinji.

Sasa ile "ta! ta!". Wako viumbe wawili wanaopiga hivyo. Mmoja ni kamba mdogo mwenye gando moja kubwa analolifunga kwa kasi mpaka kiputo cha mvuke kinatokea majini na kupasuka. Sauti ni yake, madhara ni kidogo, na baadhi ya jamii yake huchimba shimo wakaishi humo na samaki mdogo anayewalindia mlango. Kama ni huyo, una somo zima la mahusiano ya viumbe bila gharama.

Lakini konokono waliovunjwa makombe wananiambia ni yule wa pili, kamba mpiga ngumi, ambaye mikono yake ya mbele ni rungu. Mwaka 2004 watafiti walipima pigo la Odontodactylus scyllarus, aina inayopatikana pia Bahari ya Hindi, wakakuta linafikia mita 23 kwa sekunde. Aliyeingia na mawe yako huenda ni wa aina ndogo, urefu wa kidole, ila kwa konokono na kaa hana huruma, na samaki aliyelala karibu na mlango wake hayuko salama.

Huyu mtoe. Kwanza mjue anakaa jiwe lipi: keti kimya usiku, sikio karibu na kioo, na utafute tundu la mviringo lenye vipande vya makombe mlangoni. Mchana litoe jiwe hilo peke yake, uliweke juu ya ndoo yenye maji ya tangi, tundu likitazama chini au ubavuni. Chukua sirinji iliyojaa maji ya soda yasiyo na sukari wala ladha, uyasukume ndani ya tundu. Ile gesi humkosesha pumzi, akatoka mwenyewe akaangukia ndoo. Akikaidi rudia, au siku nyingine tega chupa ya plastiki uliyoikata shingo na kuigeuza kwa ndani, ukiweka kipande cha samaki. Kidole usikiingize tunduni kwa namna yoyote, na wanafunzi wasimchukue mkononi.

Ukimpata, nakuomba usimuue. Mpe chombo chake cha lita 20, mchanga, jiwe moja lenye tundu, hewa na hita, umlishe kipande cha dagaa au konokono mara mbili kwa wiki. Macho yake yanazunguka kila moja kivyake na yanaona rangi tusizoziona sisi. Sijui mnyama mwingine wa ukubwa huo anayeweza kulinyamazisha darasa la kidato cha pili.

Mengine nitayapitia upesi. Vijidudu vyeupe vinavyorukaruka juu ya kioo usiku ni chakula cha samaki, viacheni. Viti vya pweza vidogo, yaani wale viumbe wenye umbo la nyota, upana wa ukucha, mara nyingi havina shida. Kaa mwenye manyoya na ncha nyeusi za magando mtege kwa glasi iliyoegemezwa jiweni ikiwa na chambo ndani, ataingia na hatapanda utelezi. Konokono wa mrija, wanaorusha nyuzi za ute majini, vunja mrija kwa koleo na uzibe tundu kwa tone la supa gluu ya kawaida, ambayo hukauka hata ndani ya maji. Mwani wa malengelenge ya kijani, uking'aa mithili ya goroli, utoe mzima mzima bila kuupasua, ikiwezekana jiwe likiwa ndani ya ndoo, kwa sababu ukipasuka husambaza mbegu zake. Mwani wa nywele hauondoki kwa kung'oa tu. Unakula naitreti na fosfeti, basi pima maji unayoongezea, hasa kama ni ya kisima kilicho karibu na mashamba yanayowekwa mbolea.

Lipo jiwe moja au mawili ambalo utalikuta limejaa Aiptasia kiasi kwamba sirinji haina maana. Hilo litoe, moja kwa wakati, usitoe yote. Lizamishe kwenye ndoo ya maji yasiyo na chumvi kwa siku kadhaa, nje, mahali pasipo na watoto, ukiyabadilisha maji kila siku, kisha lianike juani wiki kadhaa mpaka likauke hadi ndani na harufu iishe. Jua la Septemba na Oktoba kwenu linatosha kabisa. Usilikwangue likiwa kavu, kumbuka palithoa. Likirudi tangini litakuwa jiwe tupu, na bakteria wa majirani watalihamia ndani ya miezi michache.

Nina neno kuhusu ulikoyatoa. Matumbawe magumu yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe wa porini, na ndani ya hifadhi za bahari kama Mafia, au visiwa vya Bongoyo na Mbudya hapo Dar es Salaam, kuondoa jiwe ni kosa kisheria. Matumbawe ya pwani yetu yaliungua vibaya kwa joto la bahari mwaka 1998, na kwa miaka mingi yamechimbwa pia kuchomwa chokaa. Kwa hiyo muulize aliyekuuzia yametoka wapi na ana kibali gani, na kama hajibu vizuri usinunue kwake tena. Hamhitaji. Mnaweza kufinyanga mawe yenu kwa saruji na makombe yaliyopondwa, mkiweka chumvi ya mawe ndani ya mchanganyiko ili ikiyeyuka iache vitundu. Yaloweke kwa wiki sita au zaidi, mkibadilisha maji, mpaka pH ishuke chini ya 8.5, ndipo yaingie tangini. Kilo 30 mlizo nazo zitayapa bakteria wote yanaohitaji, na wageni wapya hawataingia.

Wala msirudishe chochote baharini safari ya shule ikitokea. Mawe na wanyama waliokaa kwa wauzaji wamechanganyika na wa bahari nyingine. Mwani Caulerpa taxifolia ulionekana Mediterania mara ya kwanza mwaka 1984, mbele ya jumba la makumbusho ya bahari la Monaco lenye matangi yake, na toka hapo ukaenea kwenye pwani za nchi kadhaa. Maji mnayobadilisha nayo msiyamwage kwenye bustani wala Mto Nzovwe. Myamwage kwenye shimo la choo.

Kuhusu kuongeza samaki: bado. Nataka amonia isome sifuri kwa mwezi mzima, mpiga ngumi awe kwenye chombo chake, Aiptasia wawe wanapungua Ijumaa hadi Ijumaa, na pampu ya betri iwe imeshapita angalau usiku mmoja wa umeme kukatika bila samaki kuhema juu. Baada ya hapo weka mmoja mdogo, usubiri mwezi mwingine. Kwa oksijeni ya Mbeya, lita 250 zenye mawe mengi namna hiyo nisingeziwekea zaidi ya samaki wanne wadogo, hata kama muuzaji atakuambia zinatosha kumi.